Unga wa Namba 218

Kendu Bay,
28 Oktoba 1996

Mwanangu Okari,

Salamu ningekupa, lakini nimezimaliza zote nikimwomba radhi Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana. Sijabakiwa na hata moja.

Wiki mbili zilizopita Masese aliegesha lori lake la ng'ombe mbele ya duka langu, akashusha magunia manne ya unga na barua yako. Barua ninayo hapa. Umeandika: "Mama Zubair, hii ndiyo ngano mpya tuliyoizalisha Ogwedhi, namba 218. Ina protini asilimia kumi na tatu nukta nne, nyingi kuliko unga wowote unaouziwa. Oka kama kawaida yako, usibadilishe chochote, kisha unipe ripoti." Nikasema, huyu ni Okari Ongeri, niliyemlisha skonzi miaka minne alipokuwa akisoma hapa mjini. Hawezi kuniletea kitu kibaya. Sikununua unga mwingine, nikaoka.

Basi pokea ripoti. Donge lilininata mikononi hadi viwiko. Nikalinyunyizia unga mkavu, likaumeza, likazidi kunata. Ndani ya bati liliumuka kidogo, nikapata matumaini, kisha ndani ya tanuri likalala. Mkate ukatoka bapa, na kisu ukikiingiza kinatoka na matope. Na ilikuwa Jumatatu ya wiki ya mitihani, wasichana mia tatu wanangoja kifungua kinywa, na ghalani sina unga ila wako. Nikapeleka.

Bi. Bosibori, Mwalimu Mkuu, aliniita mbele ya wapishi wake wote. Akaukata mkate vipande viwili, akauliza, "Mama, humu umechanganya muhogo kiasi gani?" Muhogo! Nimeoka miaka ishirini na miwili katika mji huu. Marehemu mume wangu alinifundisha kupima chumvi kwa kiganja, na sijawahi kumdanganya mtu hata chembe. Jioni yake nikapita sokoni, muuza samaki mmoja akapaza sauti, "Mama, leo umetuletea kuon!" Ugali, Okari. Mkate wangu umeitwa ugali. Sasa hivi mtu akiingia dukani anauliza kwanza kama leo kuna makati mar marieba, yaani mkate wa muhogo, halafu wanacheka.

Shule imesimamisha mikate yangu. Wazazi watakutana Januari kuamua kama mimi ni mwizi. Sitaki pole yako. Nataka barua yenye jina lako inayosema unga ulikuwa wako na kosa lilikuwa la unga.

Mimi,
Kultum Farah


Kituo cha Majaribio ya Ngano,
Ogwedhi,
5 Novemba 1996

Mpendwa Mama Zubair,

Nimesoma barua yako kwa masikitiko makubwa. Mwenyezi Mungu akupe subira.

Mama, naomba nikueleze kitaalamu. Ubora wa ngano ya mkate unatokana na protini iliyo ndani ya punje. Protini ikiwa nyingi, mkate huumuka. Namba 218 nimeipima mwenyewe misimu mitatu na haijawahi kushuka chini ya asilimia kumi na tatu. Kwa hiyo unga hauna kosa. Huenda maji yalizidi, au hamira ilikuwa imekaa muda mrefu, au mkono ulichoka. Si vibaya, kila mtu huchoka. Jaribu kupunguza maji kikombe kimoja na kukanda kwa dakika ishirini bila kupumzika.

Kuhusu barua unayoiomba, kwa sasa haitawezekana. Nina miaka tisa na mbegu hii. Nilianza kuichavusha kwa mkono, suke kwa suke, nikiwa bado kibarua. Mashamba ya upande wa Narok yameliwa na kutu, ule ugonjwa wa majani unaoacha vumbi jekundu kwenye suruali ukipita shambani. Mwaka jana wakulima wengine hawakuvuna hata mbegu ya kupanda. Namba 218 haishikwi na kutu hata kidogo, na inatoa magunia mengi kuliko zote. Mwezi wa pili kamati ya kupitisha mbegu itakaa. Karatasi moja tu inayosema mkate ulilala, basi miaka tisa imekwenda.

Hapa tunalinda kila punje. Mwezi wa nane niliwafukuza vibarua watatu wa kufukuza ndege, wakiongozwa na mama mmoja anaitwa Moraa Nyarangi. Niliwakuta kwenye vitalu wanatafuna ngano ya majaribio mchana kweupe. Daktari Ondieki, mkubwa wangu, alinisifu kwa hatua hiyo. Nakuambia hili ili uone tunavyofanya kazi kwa makini.

Mwanao,
Okari Ongeri,
Afisa Msaidizi wa Uzalishaji Mbegu


Kendu Bay,
12 Novemba 1996

Bwana Afisa Msaidizi,

Mkono umechoka! Mkono huu umekanda tangu wewe hujajua kufunga kamba za viatu. Ukirudia kuniambia nipunguze maji nitakuja huko Ogwedhi na ndoo nikumwagie.

Wewe una mitambo, mimi nina beseni. Nimefanya hivi, na nakuomba ufanye hivyo hivyo kabla hujaniandikia neno lingine. Nilichukua kikombe cha unga wangu wa zamani, nilioazima kwa Aliya wa hoteli, nikakikanda na maji kidogo. Nikachukua kikombe cha unga wako, nikafanya vilevile. Nikaviacha nusu saa. Kisha kila donge nikaliosha ndani ya beseni la maji, taratibu, nikilibinya kwa vidole. Maji yanakuwa meupe, unamwaga, unatia mengine, mpaka yatoke safi. Hivyo ndivyo mume wangu alivyokuwa akipima unga wa kila mfanyabiashara kabla hajafungua mkoba.

Unga wa Aliya ulibakiza mpira. Mpira mzima, wa rangi ya majani makavu, ukubwa wa limau, ukiuvuta unavutika na ukiuachia unarudi. Huo ndio unaoshika hewa ya hamira, mkate ukasimama. Unga wako ulibakiza ute. Nikauvuta ukakatika, nikaukusanya ukateleza, mwishowe nusu yake ikaenda na maji. Nimevikausha vyote viwili juani, nimevifunga kwenye mkebe, nimempa Masese. Viangalie kwa macho yako ya kitaalamu.

Unasema protini ni nyingi. Sawa, nimekubali ni nyingi. Ni protini gani? Na inafanya nini? Hilo hukupima, ulihesabu tu.

Halafu hao wanawake uliowafukuza. Nimecheka kwa hasira mpaka machozi yakanitoka. Wewe mtoto wa Kisii uliyekulia mpakani na Narok, hujui kwa nini watu hutafuna ngano mbichi? Punje kiganja kimoja, unatafuna, unameza maziwa yake, kinachobaki mdomoni ni bigiji, mpira wa kutafuna. Ni beseni langu lile lile, ila ndani ya kinywa! Walikuwa wanakupimia ngano yako bure, kutwa nzima, na wewe ukawafukuza na ukasifiwa.

Nenda kamuulize Moraa alikuwa anatafuna namba ngapi.

Kultum Farah


Ogwedhi,
14 Desemba 1996

Mama Zubair,

Barua yako ninayo mwezi mzima. Sasa nina jibu, na linanikaa vibaya.

Nilikwenda kwa Moraa. Nilimkuta siku ya mnada wa ng'ombe, anauza ndizi. Hakunikaribisha kukaa. Nilimuuliza kama ulivyosema, akajibu: "Okari, sisi tulikuwa tunashinda kwa hiyo jua mchana yote. Tukitafuna ile ya ukingoni, tunapata bigiji ya kutufikisha saa kumi. Hiyo 218 yako ukitafuna inakuwa uji tu, inapotea. Sasa nani ataiba uji?" Wenzake wakacheka. Akaongeza kwamba wamejua hivyo tangu 1994, na siku moja alitaka kuniambia, nikamwambia arudi kwenye ndege wake.

Ile ya ukingoni ni namba 231. Ni ndugu wa 218, baba mmoja mama mmoja. Niliitupa mwaka 1994 kwa sababu protini yake ilikuwa asilimia kumi na moja tu, nikaamuru mbegu iliyobaki ipandwe kuzunguka vitalu ili ndege washibe huko kwanza. Nilisimama ukingoni nikatafuna. Mama, nilitafuna mpaka taya likauma na bado ilikuwa mdomoni.

Nikachukua punje za zote mbili nikampelekea mtu niliyesoma naye, ana mtambo wa kutenganisha protini kwa umeme, zinajipanga kwenye mistari kama ngazi. Majibu yamekuja jana. Kumbe protini za mkate si kitu kimoja. Ziko aina nyingi, na kila ngano hurithi aina zake kutoka kwa wazazi, kama watoto wanavyorithi pua na masikio. 231 ilirithi zile zenye nguvu za kuvutika. Ni chache, lakini zinashikana. 218 ilirithi kipande kilichotoka kwa rai, nafaka ya Ulaya inayofanana na ngano, ambayo wazalishaji wa zamani waliichanganya humo ili kufukuza kutu. Kipande hicho ndicho kinachoizuia kutu. Lakini kimekuja na protini zake zinazonata, na kimefukuza baadhi ya zile zinazoshikana. Huwezi kuchukua kimoja ukaacha kingine, vinasafiri pamoja. Kwa hiyo asilimia yangu ilikuwa kweli na mkate wako pia ulikuwa kweli.

Mkono wako haukuchoka. Nisamehe.

Nimempelekea Daktari Ondieki majibu. Aliyasoma akiwa amesimama. Akasema mkulima anauza gunia, hauzi donge, na wenye viwanda watachanganya na unga wa kutoka nje. Akasema pia niyaweke kabatini mpaka kamati ipitishe.

Mama, naomba kitu kimoja. Nivumilie mpaka Machi. Kamati ikishapita nitakuandikia barua yoyote unayotaka. Sitaki kukudanganya, naogopa. Wakulima wa kutu nao wanangoja.

Okari


Kendu Bay,
20 Desemba 1996

Okari,

Nilipokuwa nadhani hujui, nilikasirika kama mtu anavyomkasirikia mtoto. Sasa unajua. Umetafuna, umepima, umeona ngazi zako za umeme, na bado unaniomba nibebe jina la mwizi miezi mitatu ili wewe usisumbuliwe!

Wakulima nawahurumia. Waambieni ukweli: hii inafukuza kutu, lakini haifai mkate peke yake. Wana akili, watachagua wenyewe. Wengine watapanda kwa ajili ya biskuti, wengine kwa chapati, wengine kwa mifugo. Wewe na Daktari wako mmeamua kwamba mkulima hana haja ya kujua, mwokaji hana haja ya kujua, na Moraa arudi kwenye ndege wake.

Mkutano wa wazazi ni Alhamisi tarehe tisa Januari. Waliupanga Alhamisi kwa heshima, kwa sababu Ijumaa ni yangu na Jumamosi ni ya Wasabato. Nitakwenda na beseni langu na unga wa aina mbili, nitaosha mbele yao wote. Kama barua yako itakuwepo, itakuwepo. Kama haitakuwepo, nitawaambia unga ulitoka kituo gani na nani aliniambia nisibadilishe chochote.

Machi sitangoja.

Kultum


Kituo cha Majaribio ya Ngano,
Ogwedhi,
4 Januari 1997

Kwa Bi. Bosibori, Mwalimu Mkuu,
na Kamati ya Wazazi.

YAH: UNGA WA MIKATE ILIYOLETWA SHULENI OKTOBA 1996

Napenda kuwajulisha kwamba unga uliotumiwa na Bi. Kultum Farah ulitoka katika kituo hiki, ngano namba 218 ya majaribio, na haukuchanganywa na muhogo wala kitu kingine. Baada ya uchunguzi, kituo kimegundua kwamba ngano hiyo, ingawa ina protini nyingi, imerithi aina za protini zisizofaa kwa mkate. Kosa si la mwokaji.

Nakala: Kamati ya Kupitisha Mbegu.

Wenu mtiifu,
Okari Ongeri,
Afisa Msaidizi wa Uzalishaji Mbegu
(Muhuri wa kituo)


Kendu Bay,
13 Januari 1997

Okari,

Leo ni siku ya nne ya Ramadhani na nimefunga, kwa hiyo nitajitahidi kuchunga ulimi. Nikishindwa, dhambi tugawane.

Barua yako ilifika Jumatano. Asante. Najua haikuwa rahisi, na Masese ameniambia Daktari wako anapiga kelele mpaka ng'ombe sokoni wanasikia. Hilo nimelipokea na nitakuombea.

Sasa nikueleze mkutano. Nilikwenda na beseni kama nilivyosema. Niliosha madonge mawili mbele ya wazazi zaidi ya sitini, mpira ukabaki mkono huu, ute ukabaki mkono huu. Nikauvuta ule mpira mpaka wa mbele wakauona unavutika. Unajua walifanya nini? Baba mmoja alitazama saa. Mwingine akauliza kama huo si ujanja wa mapishi. Ndipo Bi. Bosibori akafungua barua yako, akaisoma kwa sauti, akainua karatasi juu ili wote waone muhuri. Basi, makofi! Wakasimama! Wakaja kunishika mkono, ule ule uliokuwa bado na ute, wakisema, "Mama, sisi tulijua."

Miaka ishirini na miwili ya mkate haikutosha. Beseni halikutosha, na macho yao wenyewe hayakutosha. Ilitosha duara ya wino ya kituo ambacho ndicho kilichoniharibia jina. Nilirudi nyumbani nimeshinda kesi, na nilikuwa na hasira kuliko siku niliyoitwa mwizi.

Bi. Bosibori ametuma ujumbe nianze kupeleka mikate tena Jumatatu ijayo. Nimemjibu kwamba siku hizi mikate sipeleki. Anayetaka aje dukani apange foleni na wauza samaki, na akifika kwenye kaunta aseme kwa sauti kwamba unauzwa mkate wa ngano hapa. Alikuja leo asubuhi mwenyewe, akapanga, akasema. Sikumpunguzia hata neno moja.

Lakini wewe bado sijamalizana nawe. Nimeisoma barua yako mara nne. "Kituo kimegundua." Kituo kipi, Okari? Kituo kilimfukuza aliyegundua! Kituo kilisema mkono wangu umechoka! Kesho kutwa mtaizalisha upya hiyo 231, mtaichanganya na 218 mpate mtoto mwenye nguvu za wote wawili, nami nitafurahi, kwa sababu nataka unga mzuri. Ila vitabu vitasema kituo kiligundua, na Moraa atakuwa anauza ndizi kwenye mnada wa ng'ombe kama mtu aliyefumaniwa akiiba. Mimi nilisafishwa mbele ya watu sitini. Yeye atasafishwa na nani?

Uliniuliza kupitia Masese kama sasa tuko sawa. Hatujawa sawa.

Mama Zubair


Ogwedhi,
27 Januari 1997

Kwa Bi. Bosibori, Mwalimu Mkuu,
na Kamati ya Wazazi.

Nakala: Kamati ya Kupitisha Mbegu, Daktari Ondieki, Bi. Kultum Farah, Kendu Bay, Bi. Moraa Nyarangi, Ogwedhi.

YAH: MAREKEBISHO YA BARUA YA TAREHE 4 JANUARI

Barua hii haina muhuri. Tangu tarehe ishirini mimi si mtumishi wa kituo tena, na muhuri umebaki huko pamoja na funguo za ghala. Naomba isomwe kwa sauti mbele ya watu wale wale walioisikia ya kwanza, na mimi mwenyewe nitakuja kusimama hapo ikisomwa.

Pale nilipoandika "baada ya uchunguzi, kituo kimegundua", isomeke hivi: "Bi. Kultum Farah aliniambia tarehe 28 Oktoba, nikamjibu kwamba hajui kukanda. Bi. Moraa Nyarangi alijua tangu mwaka 1994, akaja kuniambia, nikakataa kumsikiliza. Baadaye nilimwita mwizi wa mbegu, nikamfukuza kazi. Hakuiba."

Okari Ongeri